Mtaro wa mbele ya geti lako ni wa nani?

Mtaa wetu hapa Mbeya uko kwenye mteremko, chini ya Mlima Loleza, kwa hiyo maji ya juu yote hupita kwetu yakielekea bondeni. Msimu uliopita jirani mmoja alitaka gari lake liingie ndani. Badala ya kuomba kibali aweke kalavati, akafukia mtaro kwa viroba vya udongo na mawe. Mvua kubwa ya Desemba ilipopiga, maji yalikosa njia, yakavuka barabara, yakaingia kwenye kibanda cha mama anayeuza mkaa. Asubuhi nilimkuta akizoa tope kwa ndoo, magunia manne yameloa chapachapa. Hakumtukana mtu. Aliniambia tu, "Baba, huu mkaa nimekopa."

Tangu siku ile sikubali tena kusikia kwamba hiyo ni hifadhi ya barabara, tuwaachie TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini. Ni kweli kipande kile si chetu. Kwenye barabara kuu kama ile iendayo Tunduma, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na ukijenga humo utawekewa alama nyekundu ya X. Lakini chupa iliyoziba mtaro mbele ya geti langu ninaiona mimi kila asubuhi. Nimsubiri mhandisi aje kuiokota?

Maoni yangu ni kwamba kila mwenye nyumba afyeke na kuzibua kipande chake, mpaka wa jirani hadi mpaka wa jirani, kabla ya Novemba. Tope analolitoa alipeleke mbali, maana likiachwa ukingoni mvua ya kwanza inalirudisha mulemule. Zege likipasuka au kalavati la mtaa likibomoka, hiyo ni kazi ya serikali, na tuidai kwa sauti.

Halafu mahindi tunayopanda kando ya barabara. Mimi ni mtoto wa mkulima, najua inavyouma kuuacha udongo mzuri hivi hivi. Ila mahindi ya kwenye kona, ikifika Februari yamempita mtu mzima kimo, na watoto wa shule wanachomoza ghafla mbele ya bodaboda. Ukoka unatosha pale. Unashika udongo na hauzibi macho ya mtu.

Wiki iliyopita nilimfuata yule jirani, nikamwomba tuchangie kalavati. Amekubali kutoa nusu. Viroba bado vipo, na mawingu yameshaanza kutanda Loleza.