Mbegu ya alizeti ipimwe kwa Februari ya Dodoma

Msimu wa juzi, mwishoni mwa Machi, mama mdogo alinipa kichwa cha alizeti shambani kwake, upande wa Chamwino. Kwa nje kilikuwa kikubwa, cha kupendeza. Pembeni punje zilijaa, lakini kadiri unavyokwenda katikati ni mapepe. Mbegu ilikuwa chotara, yaani iliyozalishwa kwa kuchanganya wazazi wawili tofauti, kainunua kwa pesa ya kuku aliouza. "Mwanangu, nimekosea wapi?"

Hakukosea. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 na kitu, na Februari mara nyingi inakata wiki mbili au tatu. Mizizi ya alizeti hushuka hata mita 2, ndiyo maana tunaisifu kwa uvumilivu. Ila ikichanua na kuanza kujaza punje, kiu inaiumiza vibaya. Kichwa hujaa kuanzia pembeni. Maji yakiisha njiani, katikati hakupati kitu.

Chotara zenyewe sizipingi. Mwaka 1969 Mfaransa Patrice Leclercq alipata alizeti isiyotoa chavua, kwa kuichanganya na ndugu yake wa porini; mmea wa hivyo haujichavushi, hupokea chavua ya mzazi mwingine unayemchagua. Muda mfupi baadaye Marekani wakapata vinasaba vya kurudisha chavua hiyo. Hapo ndipo mbegu chotara zikawezekana kuzalishwa kwa wingi, na mavuno yakapanda kweli. Gharama yake tunaijua: ukibakiza mbegu ukapanda tena, shamba linatoka mchanganyiko, na mimea mingine haina chavua kabisa. Kila msimu lazima urudi dukani.

Sasa mtu anayelipa kila msimu ana haki ya mbegu iliyochaguliwa kwa ardhi yake. Wazazi wa chotara wakichaguliwa penye maji ya kutosha, tofauti zinazotuhusu sisi hazionekani. Utafiti wa alizeti unaongozwa na kituo cha Ilonga cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kule Kilosa, ambako mvua inatuzidi. Naomba majaribio ya chotara yawe mengi huku pia, Hombolo, Bahi, Kongwa, kwa vitalu viwili jirani: kimoja kinamwagiliwa, kingine kinaachiwa jua. Tuchague inayofanya vizuri kote kuwili. Mmea uliobaki hai lakini hauna punje haukamuliwi mafuta.

Wengine wanasema tupande za muda mfupi, zikwepe ukame. Zinakwepa kweli, lakini mwaka wa mvua nzuri zinakunyima mavuno ambayo yangelipa deni la mwaka mbaya. Mimi nataka majani yanayochelewa kukauka na kichwa kinachojaa hadi katikati. Porini kuna alizeti yenye manyoya meupe kama fedha kwenye majani, Helianthus argophyllus, ambayo wazalishaji wa mbegu wameshaitumia kutafuta ustahimilivu wa ukame. Njia ipo.

Mama mdogo amerudi kwenye Record, mbegu ya zamani isiyo chotara, anayoibakiza mwenyewe kwenye debe. Ukimletea chotara nyingine, atakuuliza kwanza ilijaribiwa wapi, na mwezi gani mvua ilikata.