Siku 50 bila kufungwa: je, ushindi mfululizo uliwaponza Spurs?

Aprili 11, 2012, San Antonio Spurs, timu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, walifungwa nyumbani na Los Angeles Lakers. Walipofungwa tena ilikuwa Mei 31. Katikati hapo walicheza mechi 20 na kushinda zote: kumi za kumalizia msimu wa kawaida, nne za mtoano dhidi ya Utah Jazz, nne dhidi ya Clippers, kisha mbili za kwanza za fainali ya Kanda ya Magharibi dhidi ya Oklahoma City Thunder. Katika mechi ya pili Tony Parker wa Spurs alifunga pointi 34. Sisi tuliokuwa macho alfajiri ile huku Afrika Mashariki tulizima televisheni tukiamini kilichobaki ni kujua nani atakutana nao fainali.

Thunder wakashinda nne zilizofuata, na katika mtoano anayetangulia kufikisha ushindi nne ndiye anayesonga mbele. Juni 6 Spurs wakaaga mashindano, na timu ambayo siku saba nyuma ilionekana haishikiki ikawa hadithi ya waliolala mapema.

Tangu hapo kila Aprili, mtoano wa NBA unapokaribia na kuna timu imeshinda mechi zake nyingi bila kusimama, swali hurudi: mfululizo mrefu wa ushindi unaweza kuiumiza timu? Kuna wanaolifunga swali hilo kwa pumzi moja tu: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali naiheshimu, ila kwa Spurs wa 2012 siioni ikikaa. Kocha wao, Gregg Popovich, Machi mwaka ule alimpumzisha nyota wake Tim Duncan, na kwenye karatasi ya mechi sababu ikaandikwa kwamba ni mzee. Mtu wa namna hiyo halewi sifa kirahisi. Na timu iliyopumzisha wachezaji wake hivyo huwezi kusema ilifika Mei ikiwa imechoka kwa kukimbiza rekodi.

Hoja nzito ya wanaoamini kuna madhara haihusu kiburi. Inahusu paa linalovuja, ambalo wakati wa kiangazi huwezi kujua kwamba linavuja. Irudie mechi ya kwanza ya pambano lile. Ikianza robo ya nne, Thunder walikuwa mbele 71 kwa 62. Kwa robo tatu nzima walikuwa wameizuia timu ambayo kwa wiki sita hakuna aliyeizuia. Kisha Spurs wakafunga pointi 39 katika robo moja, wakashinda 101 kwa 98, na kesho yake gumzo lote likawa ukomavu wao na utulivu wa Manu Ginobili. Wangefungwa usiku ule kwa pointi tatu, gumzo lingekuwa zile robo tatu. Ushindi uliwanyima nafasi ya kuulizana maswali ambayo mpinzani wao alikuwa ameshaanza kuyajibu.

Scott Brooks, kocha wa Thunder, alikuwa tayari amefungwa mara mbili. Hakuwa na cha kulinda. Mechi ya tatu akamweka Thabo Sefolosha, mlinzi mwenye mikono mirefu, amkabe Parker. Chanzo cha mashambulizi ya Spurs kikazibwa, Thunder wakashinda 102 kwa 82. Hapa ndipo wanaoulaumu mfululizo wana haki ya kusikilizwa: aliyefungwa hubadilika upesi kuliko aliyeshinda, na katika pambano la mechi saba kasi ya kubadilika ni nusu ya kazi.

Halafu ikaja mechi ya nne, nami huanza kusita. Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville anayejulikana zaidi kwa kuzuia mitupo kuliko kufunga, alirusha mara 11 na zote 11 zikaingia. Kevin Durant akaimaliza mechi katika robo ya mwisho. Niambie ni mfululizo upi wa Spurs uliomfundisha Ibaka kutokosa hata mara moja. Timu ile ilikuwa na Durant, Russell Westbrook na James Harden, wote vijana, wote wakiwa katika ubora. Mara nyingine unafungwa kwa sababu aliyesimama mbele yako ni hodari, basi.

Wanaolaumu wana mashahidi wengine, na kila mmoja anahitaji kuhojiwa kivyake. Dallas Mavericks wa 2007 ndio huitwa kwanza. Walishinda 67 na kufungwa 15, wakiwa na mfululizo wa ushindi 17 ndani ya msimu, na Dirk Nowitzki akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Raundi ya kwanza wakatolewa 4 kwa 2 na Golden State Warriors walioshika nafasi ya nane. Ukisikia hivyo unafikiri Dallas walijisahau. Kilichotokea kinaelekea upande mwingine kabisa. Warriors walikuwa wamewafunga mechi zote tatu za msimu ule, na kocha wao, Don Nelson, ndiye aliyemlea Nowitzki huko huko Dallas, akijua asipopenda kuguswa na kona asiyoipenda kupokea mpira. Mechi ya kwanza ilipofika, Avery Johnson, kocha wa Dallas, aliwaweka benchi warefu wake wa kati ili aendane na kasi ya Warriors. Timu yenye ushindi 67 ilijigeuza kwa ajili ya timu ya nane, tena nyumbani kwake, na bado ikafungwa. Kiburi hakifanani na hivyo. Hiyo ni hofu, na chanzo chake ni mpinzani mmoja aliyewajua nje ndani.

Hapo ndipo naona tofauti kubwa ya msimu wa kawaida na mtoano, na watu huipita haraka mno. Mfululizo wa ushindi hujengwa dhidi ya timu tofauti kila usiku. Mmoja amesafiri kutoka mji mwingine na jana yake alicheza, mwingine ana majeruhi watatu, mwingine ameshakata tamaa na anawaza wachezaji wapya wa mwaka ujao. Hakuna mwenye muda wa kukusoma. Kwenye mtoano, benchi zima la makocha hukaa na mkanda wako kwa siku kadhaa, na akikosea leo keshokutwa anarudi kujaribu tena. Ushindi 17 dhidi ya timu mbalimbali hauelezi sana utakavyofanya dhidi ya mtu mmoja mara saba. Haukudhuru, ila haukukupa ulichodhani umekupa.

Houston Rockets wa 2008 nao huitwa mahakamani, na hapa mashtaka ni ya kuonea. Walishinda 22 mfululizo, na baada ya ushindi wa 12 Yao Ming akatangazwa kuwa nje ya msimu kwa ufa wa mfupa wa mguu. Nafasi yake ikachukuliwa na Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa, akiwa na umri wa miaka 41, nao wakashinda nyingine kumi. Walipotolewa na Utah raundi ya kwanza, watu wakasema mfululizo ulikuwa wa bandia. Kwangu mimi ile kumi ya Mutombo ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote niliyoyaona katika ligi ile, na kutolewa kwao kulitokana na mguu wa Yao.

Golden State wa 2016 ni kesi ngumu zaidi. Walianza msimu kwa ushindi 24 bila kufungwa, wakafika 73 kwa 9, wakaongoza fainali 3 kwa 1 dhidi ya Cleveland, wakafungwa tatu za mwisho. Kuna hoja kwamba kuisaka rekodi ya Chicago Bulls ya ushindi 72 kuliwanyima mapumziko ambayo timu iliyokwisha kujihakikishia nafasi ya kwanza ingeyachukua. Hoja hii siitupi. Mechi ya mwisho ya msimu, Stephen Curry bado alikuwa uwanjani akifunga pointi 46, wakati kikosi kingine chochote kingekuwa kimeweka barafu magotini. Lakini goti lake liliumia Houston, raundi ya kwanza, alipoteleza kwenye sakafu iliyolowa jasho. Na Draymond Green aliikosa mechi ya tano ya fainali kwa adhabu ya faulo zilizorundikana katika mtoano wenyewe. Jasho sakafuni na hasira za Green hazikuandikwa kwenye rekodi ya 73. Na mechi ya saba iliisha 93 kwa 89.

Upande wa utetezi una mashahidi wenye mataji. Lakers wa 1971-72 walishinda 33 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa, wakakatwa na Milwaukee Bucks Januari 9, 1972. Miezi michache baadaye waliwatoa hao hao Bucks kwenye mtoano na kutwaa ubingwa. Miami Heat wa 2013 walishinda 27, wakakatwa na Chicago Bulls waliokuwa bila Derrick Rose na Joakim Noah, kisha wakashinda kumi kati ya kumi na moja zilizobaki. Nao wakawa mabingwa.

Ila Miami nao wana la kutufundisha kuhusu sisi wenyewe tunaochambua. Katika mechi ya sita ya fainali ile, Spurs wakiongoza pambano 3 kwa 2, Ray Allen alirudi kinyumenyume hadi kona na kurusha mpira wa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde tano na kidogo. Ukaingia. Ungegonga chuma na kutoka, leo makala kama hii ingeanza na Miami: walijichosha kwa mechi 27, goti la Dwyane Wade likalipa gharama, na kadhalika. Ushahidi ungekuwa uleule, hukumu ingegeuka. Tunapenda kuuona mfululizo kama sababu kwa kuwa tunaukumbuka.

Hesabu nayo ina neno. Chukua timu yenye uwezekano wa asilimia 70 wa kushinda kila mechi ya mtoano, kiwango kikubwa mno ukizingatia kwamba wanaofika huko wote ni wazuri. Timu hiyo itashinda pambano moja la mechi saba kwa uwezekano wa asilimia 87 hivi. Lakini bingwa anatakiwa kushinda mapambano manne, na ukizidisha unabaki na takriban asilimia 58. Timu bora kuliko zote, isiyo na kasoro ya kujificha, itarudi nyumbani mikono mitupu mara nne katika kila kumi. Kila mara hiyo kutakuwa na mtu wa kusema walilewa ushindi.

Wapenzi wa soka wa Tanzania wanaijua habari hii kwa njia yao. Yanga walifikisha mechi 49 za ligi bila kufungwa, Ihefu wakawakata 2 kwa 1 Novemba 2022, na waliosubiri timu isambaratike walisubiri sana: msimu uliisha Yanga wakiwa mabingwa na wamecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Je, nasema basi mfululizo hauna uzito? Sivyo. Nadhani una madhara ya aina moja, madogo lakini ya kweli: huchelewesha matengenezo. Ile mechi ya kwanza ya 2012 bado inanisumbua. Lakini hata hapo lazima niwe mkweli, kwa sababu Popovich hakukaa tu akisubiri. Pambano lilipokuwa 2 kwa 2, alimwondoa Danny Green kwenye kikosi cha kuanza na kumwingiza Ginobili. Ginobili akafunga pointi 34. Spurs wakafungwa kwa pointi tano.

Miaka miwili baadaye, 2014, kocha huyo huyo, na Duncan, Parker na Ginobili wake, walishinda 19 mfululizo. Mfululizo ule ulikatwa Aprili mwanzoni, na Thunder tena. Raundi ya kwanza Dallas wakawaburuza hadi mechi ya saba, kwa hiyo paa lilivuja mapema, watu wakalala na ndoo chini yake. Walipokutana na Thunder kwenye fainali ya kanda, mambo yakajirudia kama mkanda wa zamani: Spurs wakashinda mbili za kwanza, Ibaka akarudi kutoka kwenye majeraha, Thunder wakashinda mbili. Mbili kwa mbili.

Safari hii Popovich alimtoa Tiago Splitter na kumwanzisha Matt Bonner, mrushaji wa mbali ambaye alikuwa akicheza kwa nadra, ili Ibaka alazimike kutoka chini ya pete kumfuata. Bonner hakufunga pointi za kutajika. Spurs walishinda 117 kwa 89.