Usituambie ni tembo: kuhusu kupiga picha za mawingu

Picha nyingi za mawingu zinazosambazwa mtandaoni huja na maelezo chini yake: "Mwoneni simba!" Mtazamaji anasogeza simu karibu, anakunja uso, anaona pamba. Simba alikuwapo kweli, ila alibaki machoni mwa mpigaji. Kwenye picha hakuingia. Kosa si la wingu, na mara chache ni la kamera. Umbo la wingu linajengwa kwa kivuli, kwa ukingo na kwa kuwahi, na mimi nashikilia kwamba picha inayohitaji maelezo ndipo mnyama aonekane ni picha ambayo bado haijapigwa.

Ushahidi mzuri kuliko wote hautoki hata kwenye anga letu. Mwaka 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga picha kilima kimoja huko Cydonia, kwenye sayari ya Mirihi, na watu wakaona uso wa binadamu, na macho yake na mdomo wake. Jua lilikuwa chini, kivuli kimelala upande mmoja, na picha yenyewe haikuwa kali. Mwaka 2001 chombo cha Mars Global Surveyor kikakipiga kilima kile kile kwa ukali mkubwa zaidi, uso ukatoweka. Ubongo wetu hutafuta nyuso kwanza, maswali baadaye. Wanasaikolojia wanaiita tabia hiyo paredolia. Upe madoa mawili na mstari chini yake, nao utakurudishia mtu.

Kilichouleta uso ule ndicho unachokihitaji wewe: mwanga wa kutoka ubavuni, na vitu vidogovidogo vichache ndani ya picha. Jua likiwa nyuma yako, wingu zima huwa jeupe, bapa kama karatasi. Likiwa utosini, kivuli chote hujificha kwenye kitako cha wingu. Saa mbili za mwanzo baada ya jua kuchomoza na mbili za mwisho kabla halijazama, simama jua likiwa begani, kushoto au kulia. Hapo kila kivimbe hupata upande wake mweupe na upande wake wa kijivu, na tundu dogo hugeuka jicho. Kuhusu vitu vidogovidogo, finya macho kabla ya kupiga. Umbo likidumu ukiwa umefinya macho, litadumu pia kwenye picha ndogo ya ukubwa wa stempu. Likipotea, ulikuwa unaliona kwa hisani tu.

Si kila wingu linafaa. Stratasi, lile blanketi la kijivu linalotanda bila mwanzo wala mwisho, halina ukingo, na pasipo ukingo hakuna mnyama. Majina haya, stratasi, kumulasi na sirasi, yalipendekezwa na Mwingereza Luke Howard mwaka 1802, na hadi leo yanatosha kukuamulia kama utoe kamera au uiache. Sirasi, membamba ya juu sana yaliyoumbwa kwa chembe za barafu, hukupa manyoya na mikia ya farasi. Ni mazuri, lakini hayana kivuli ndani yake, kwa hiyo hubaki michoro ya mstari. Wanyama, nyuso na majumba hutoka kwenye kumulasi, zile zenye kitako bapa na kichwa kilichofura kama koliflawa.

Tatizo la kumulasi ni kwamba haina subira. Ile ndogo ya hali nzuri ya hewa, tangu itokeze hadi iyeyuke, pengine ni dakika kumi au ishirini, na umbo lenyewe hukaa dakika moja, mbili ukibahatika. Itazame moja ikifanya kazi yake. Kwanza kivimbe kinatokeza juu ya kitako. Hewa yenye joto inapanda katikati, kivimbe kinanyanyuka kuwa shingo. Huko juu aghalabu upepo ni wa kasi kuliko chini, basi shingo inaanza kuinama. Sasa una mkonga, au kichwa cha ngamia. Kisha hewa kavu ya pembeni inaanza kuila: mkonga unachanika pale ulipokuwa mwembamba, na unabaki na kitako pamoja na kipande kinachoelea peke yake. Picha iko kati ya kuinama na kuchanika. Anayengoja tembo akamilike hupiga mabaki ya tembo. Anza shingo inapoinama, piga moja kila sekunde tano hadi kumi, uchague baadaye ukiwa umetulia.

Ukitaka kujua wingu lipi la kufuata siku ya mavundevunde, soma kingo. Ukingo mkali, kama uliokatwa kwa kisu, ni wa wingu linalokua. Ukingo uliochambuka kama pamba iliyovutwa ni wa wingu linalokufa, achana nalo. Wasiopenda haraka hizi wana mawingu ya umbo la lenzi, yanayokaa palepale upande wa mlima uendako upepo, kama sahani zilizopangwa. Hayo hukupa muda hata wa kufunga kamera kwenye miguu mitatu.

Ukubwa nao huwaangusha wengi. Nyosha mkono mbele, kunja ngumi: ngumi hiyo hufunika takribani digrii 10 za anga. Lenzi ya milimita 200 kwenye kamera ya fremu kamili, ile yenye kihisi (bamba la kupokea mwanga) cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, nayo huona takribani digrii 10 kwa upana, yaani ngumi moja. Lenzi ya milimita 50 huona ngumi nne. Kamera kuu ya simu nyingi huona karibu ngumi saba, na hapo ndipo simba wa wengi anapopotelea: kwenye picha yenye upana wa pikseli 4,000, wingu la ngumi moja hupata kama pikseli 500 tu. Ukivuta kwa vidole, simu inakata na kutanua tu, kingo zinageuka uji. Kwa hiyo kwa simu tafuta mawingu ya ngumi tatu au nne, yale ya karibu, na ya mbali waachie wenye lenzi ndefu. Wenye lenzi ndefu nao wakumbuke kutolielekeza jua kwenye tundu la kutazamia. Jicho halina vipuri.

Sasa mwangaza. Kamera hudhani dunia yote ni ya kijivu cha wastani. Ukijaza fremu kwa wingu jeupe, italififisha. Hilo ni kosa dogo, linarekebishika. Ukiingiza paa au mti mweusi chini ya fremu, itafanya kinyume: itaongeza mwangaza ili mti uonekane, na weupe wa wingu utaungua. Sehemu iliyoungua haina kitu ndani yake. Hakuna programu itakayoirudisha. Kwenye simu, gusa sehemu angavu kabisa ya wingu, shikilia kidole hadi mwangaza ufungwe, kisha telezesha chini kidogo mpaka vivuli vya ndani vijitokeze. Kwenye kamera, jua likiwaka, anzia ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi) na sekunde 1/500, halafu tazama histogramu, ile grafu ya mwangaza wenye giza kushoto na weupe kulia: mlima wake usigonge ukuta wa kulia. HDR ya simu, ile hali ya kusawazisha mwanga na giza, izime. Kazi yake ni kuinua vivuli, na vivuli ndivyo vilivyomchora mnyama wako. Isitoshe, huunganisha picha kadhaa, na kwenye upepo mkali ukingo unaweza kutoka mara mbili.

Usiende f/16, yaani tundu dogo zaidi, kwa kudhani utapata ukali zaidi. Vumbi lililokaa kwenye kihisi, ambalo kwa f/8 halionekani sana, kwa f/16 hutoka kama madoa ya kijivu, na anga tupu halina pa kuyaficha. Fokasi ya kujiendesha nayo huhangaika mbele na nyuma ikielekezwa tumboni mwa wingu, kwa kuwa hakuna mstari wa kushika. Ielekeze ukingoni, weupe unapokutana na bluu. Usizungushe tu pete ya lenzi hadi mwisho ukidhani ndiyo fokasi ya mbali. Lenzi nyingi hupitiliza kidogo.

Anga la bluu likiwa jeusi kuliko wingu, umbo hujitenga lenyewe. Filta ya polaraiza, kioo cha mbele ya lenzi kinachozuia mwanga unaotetema upande fulani, hufanya hivyo, lakini upande mmoja tu wa anga. Elekeza kidole cha shahada kwenye jua, nyosha kidole gumba kwa pembe mraba, zungusha mkono: kila gumba linapoelekea ndipo filta inapofanya kazi vizuri. Kwenye lenzi pana, chini ya milimita 28 hivi, itakuachia utepe mweusi katikati ya anga, na utepe huo huharibu picha kuliko anga jepesi. Dirishani mwa ndege ivue kabisa, kwani plastiki ya dirisha itatoa rangi za upinde wa mvua. Wapigaji wa filamu ya nyeusi na nyeupe hutumia filta nyekundu, ambayo huzuia mwanga wa bluu na kuliacha wingu liwake. Wewe utafika hapo hapo kwenye programu ya kuhariri: geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha shusha bluu. Ukizidisha kwenye JPEG, faili la kawaida lililobanwa, anga litakatika matabaka kama ngazi. Faili la RAW, lenye data ghafi ya kihisi, huvumilia zaidi.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na wakati mwingine wingu zuri kuliko yote ya siku huwa ndilo linalokuja na radi. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo. Kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya thelathini, ingia ndani na ukae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kuhariri kuna mpaka wake, ingawa wapo watakaonibishia. Kukata fremu ni halali, kwani wingu la jirani linaloingiza mguu wa tano lazima litoke. Kuongeza giza kwenye kivuli kilichopo ni halali. Kugeuza picha juu chini ili mbuzi apatikane nakubali shingo upande, maana mwanga utaonekana unatoka ardhini na mtazamaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Kuchora jicho mahali pasipo na tundu, hapana. Huo ni uchoraji, na wachoraji wapo wanaoufanya vizuri zaidi.

Ukishamaliza, mpe mtu picha bila kusema neno, uhesabu hadi tano. Akisema "tembo" nawe uliona tembo, umefaulu. Akisema "kobe", usimsahihishe. Tazama tena, huenda kobe wake ana miguu imara kuliko mkonga wako, na raha ya kitu hiki, kwangu, imo zaidi kwenye kobe huyo. Asipoona kitu, rudi kwenye zile nyingine ulizopiga kila sekunde tano. Na pale ambapo ungeandika jina la mnyama, andika saa, upande jua lilipokuwa na urefu wa lenzi.