Obama si ukoo, ni jina la mzee mmoja

Kila nikiona mtu ameposti ramani ya dunia yenye vidoti, kila kidoti mahali jina la ukoo fulani linapopatikana, ati hivi ndivyo ukoo wa Obama ulivyotapakaa, nacheka peke yangu. Mimi ni Mjaluo, jina langu la mwisho ni Okoth na hakuna ukoo unaitwa Okoth, baba alizaliwa mvua ikinyesha basi, hiyo ndiyo Okoth. Kaka yangu kwenye kipande, yaani kitambulisho, anatumia jina la babu, mimi natumia la baba, na siku tulienda pamoja kwa ofisi fulani kufuatilia makaratasi ya shamba, karani akaviweka vipande vyetu sambamba pale mezani kama mtu anayelinganisha viatu, akauliza “nyinyi ni ndugu kweli?” Baba mmoja mama mmoja! Tukarudishwa tulete barua ya chifu.

Sasa chukua Obama. Jina lenyewe wazee wanalitoa kwa neno bam, kupinda. Obama alikuwa mtu, mzee wa upande wa Kendu Bay. Akamzaa Onyango, maana yake aliyezaliwa asubuhi jua likishapanda. Huyo Onyango akasilimu akawa Hussein, akafanya kazi ya upishi kwa wazungu, baadaye akahamia Kogelo kule Siaya. Kwetu huyo ni Onyango wuod Obama, Onyango mtoto wa Obama, na kwa mtindo huohuo kijana wake Barack (ambayo ni baraka tu hii yetu ya kila siku) angekuwa Barack wuod Onyango na Obama ingeishia hapo, imetulia na mwenyewe. Lakini kijana akashika jina la babu, 1959 akaenda nalo Hawaii kusoma, na Marekani jina la mwisho likishaingia kwenye faili halitoki, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, yule Barack aliyekuja kuwa rais, akaandikwa Obama naye.

Na usidhani familia nzima ilifuata. Zeituni, dada yake huyo Barack mkubwa kwa baba, yule aliyeishi Boston, alikuwa Zeituni Onyango. Ukiwaweka kwenye zile tovuti za ramani za majina, kaka ana kidoti chake na dada chake, hawajuani kabisa. Halafu kuna Malia na Sasha, wasichana wa huyo rais, wanabeba jina linaloanza na O. Kijaluo O ni ya wanaume, msichana aliyezaliwa usiku ni Atieno, mvulana ni Otieno. Mzee angeshangaa kidogo.

Kinachoniudhi ni ramani kuchanganya watu wasiohusiana hata kwa mbali. Guinea ya Ikweta Obama wamejaa, ni jina la Wafang, kabila la huko, hata waziri mkuu wao wa 2016 hadi 2023 alikuwa Francisco Pascual Obama Asue. Hao si Wajaluo, majina yamegongana tu. Japani nako kuna mji unaitwa Obama, mkoa wa Fukui, maana yake ni ufuo mdogo, na 2008 akigombea urais wakazi walimshangilia Barack kama mpwa wao, wakacheza hula kabisa.

Ukitaka kuufuata ukoo wenyewe fuata Kogelo, ambalo si jina la kijiji tu, ni la ukoo pia, hao ndio watu wao. Mimi nilipoenda kwa wakwe mara ya kwanza hakuna aliyejali Okoth, mzee alimeza chai yake polepole akaniuliza “in ja kanye?”, wewe ni mtu wa wapi, nikataja kwetu, akahesabu hesabu zake kichwani kama kuna damu inagongana na msichana, ndipo nikaletewa samaki. Hilo swali hakuna fomu inayo. Fomu ina kaboksi kamoja tu ka jina la mwisho.

Na kazi bado, maana Novemba 2008, Barack aliposhinda urais, pale Kisumu watoto kibao walipewa jina Obama wakiwa bado wodini. Hao sasa ndio wanaingia umri wa kuchukua kipande. Wataoa, watazaa, mtoto akipelekwa shule mwalimu ataandika jina lake na la baba, Obama, na mtu fulani huko ataongeza vidoti vingine kwenye ramani yake.