Mjomba, Mkeka na Stesheni Yenye Vichwa Viwili

Maelekezo niliyomrekodia Mjomba hayakuzidi sekunde 10: ukitoka uwanja wa ndege Heathrow panda treni ya njia ya Elizabeth, kaa behewa la mbele kabisa, shuka Liverpool Street. Jibu lake lilikuwa la dakika 3. Alinikumbusha kwamba alikuwa gadi wa Reli ya Kati, Dar hadi Kigoma, mimi nikiwa bado sijazaliwa; kwamba mahali pa gadi ni behewa la mwisho; kwamba mbele hukaa dereva na moshi. Mwishoni akaniuliza kama nimekula.

Nieleze kwanza kwa nini habari ya mbele na nyuma pale London si mapambo. Njia ya Elizabeth, iliyoanza kubeba abiria Mei 2022, ilichimbwa chini ya mji ambao ardhi yake tayari imejaa mahandaki ya treni za zamani, mabomba ya majitaka na misingi ya maghorofa. Treni zake zina mabehewa 9 na urefu wa mita 205 hivi. Jukwaa la kupokea treni ya namna hiyo ni refu kiasi kwamba mahali pengine kichwa kimoja, yaani ncha yake moja, kinaangukia kwenye stesheni moja ya zamani na kichwa cha pili kwenye stesheni nyingine. Wabunifu hawakupigana na hali hiyo, waliitumia. Mahali kama hapo kila kichwa wakakipa ngazi zake za umeme, ukumbi wake wa tiketi na mlango wake wa barabarani, ili umati ugawanyike na watu waunganishe treni bila kutoka nje kulowa.

Kwa hiyo Liverpool Street ya njia ya Elizabeth, ukitokea upande wa mashariki, uko Broadgate, mlangoni kabisa mwa stesheni kubwa yenye treni za mikoani. Ukitokea upande wa magharibi uko Moorgate, stesheni nyingine yenye jina lake na treni zake. Jukwaa ni lile lile moja. Treni ya kutoka Heathrow inaelekea mashariki, basi aliyekaa mbele anashukia kwenye ngazi za Broadgate, na aliyekaa nyuma anashukia kwenye ngazi za Moorgate. Ukija kutoka mashariki mambo yanageuka: mbele ndiyo Moorgate. Hilo lishikeni vizuri, ndilo lililotugharimu tiketi.

Safari yetu ilikuwa ya Ipswich, mji wa mkoani, kwenye harusi ya binti wa mama mdogo. Mjomba alibeba zawadi aliyoisuka jirani yake Tanga: mkeka wa ukindu, umekunjwa na kufungwa kamba, mrefu kumzidi mwenyewe. Tiketi zetu zilikuwa zile za bei nafuu zinazokufunga kwenye treni moja tu, ya saa 5:30 asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshasimama chini ya ubao wa treni, stesheni ya juu, tangu saa 4.

Ndege yake ilipitia Doha, ikatua Terminal 4. Treni pale huanza safari, kwa hiyo alikuwa na muda wa kutosha kuchagua behewa. Akachagua la mwisho. Nilimpigia alipokuwa anaingia Paddington, maana mtandao wa simu siku hizi unashika hadi handakini.

"Shikamoo Mjomba. Umekaa mbele?"

"Marahaba. Nimekaa panapostahili."

"Mjomba, treni hiyo haina milango kati ya behewa na behewa. Unaweza kutembea ndani kwa ndani toka mkiani hadi mbele. Bado kuna Bond Street, Tottenham Court Road na Farringdon, una muda."

"Treni ikitembea abiria anakaa. Nimewarudisha watu wangapi kwenye viti vyao, leo nizurure mimi? Na mkeka?"

Treni ikaingia Liverpool Street. Majukwaa ya chini ya ardhi ya njia hii katikati ya mji yamezibwa na ukuta wa vioo toka mwanzo hadi mwisho, mtu asitumbukie relini, na treni lazima isimame mlango kwa mlango: mitatu kwa kila behewa, 27 kwa jumla. Spika ikatangaza Liverpool Street. Lakini Mjomba haamini spika. Katika kazi yake spika za stesheni zilikuwa zinakoroma tu, abiria akiambulia neno moja katika kumi. Yeye anaamini bango, na bango lililokuwa mbele ya behewa la mwisho, la kuelekeza watu njia ya kutokea, lilisema Moorgate. Akajisemea, hapa si kwetu. Akakaa. Milango ikalia, ya treni na ya ukuta ikafunga pamoja.

Stesheni inayofuata ni Whitechapel. Kurudi kutoka pale hakuhitaji elimu: unavuka hadi jukwaa la pili na kusubiri. Muda wa msongamano treni 24 kwa saa zinapita katikati ya mji kila upande, na hata muda mwingine hazikawii. Ila Mjomba aliona ngazi za umeme, akapanda nazo. Simu ikalia.

"Hawa watu wako mabango yao wameyabandika kichwa chini."

"Vipi?"

"Treni za Overground, yaani za juu ya ardhi, mshale unaonyesha chini. Underground, za chini ya ardhi, mshale unaonyesha juu. Mimi nimeona ajali ngapi zilizoanzia kwenye bango kama hili?"

Na mabango hayakuwa na kosa. Whitechapel ndipo mahali pa ajabu ambapo Overground inapita chini ya Underground. Reli ya chini ni ile ya zamani inayovuka mto Thames kupitia handaki la mhandisi Brunel lililofunguliwa mwaka 1843, na jina la Overground lilikuja kubandikwa juu yake mwaka 2010. Reli za Underground zilijengwa baadaye zikipita juu yake, zote mbili zikiwa ndani ya mtaro. Ilipokuja njia ya Elizabeth ikabidi iende chini zaidi ya zote, na ukumbi wa kuunganisha ukajengwa kama daraja juu ya reli ya Overground. Tangu mwishoni mwa 2024 kipande hicho cha Overground kinaitwa njia ya Windrush, jina ambalo lingemtuliza Mjomba kama angekubali kulisoma. Nilijaribu kumweleza. Akasema handaki la mwaka 1843 linapaswa kufungwa.

Nikarudi kwenye la msingi. "Mjomba, shuka tena hadi jukwaa la treni za kurudi mjini. Ukifika Liverpool Street shuka, hata bango liseme nini. Ila sasa kaa behewa la nyu..."

"La mbele! Nimekuelewa mwanangu. Leo nakutii."

Akakata. Nilipiga tena mara kadhaa, haikupokelewa. Mzee alikuwa anatekeleza. Mtu aliyekubishia tangu Heathrow akianza kukutii kwa sharti ambalo limekwisha muda wake, huna la kufanya.

Akakaa mbele kabisa, treni inaelekea magharibi, akashukia pale pale alipokataa kushuka mwanzo. Safari hii hakusita. Akapanda ngazi za umeme, mkeka begani, akiwa amesimama kulia kama abiria wenzake, akafika kwenye malango, akachagua lile pana la mizigo, akagusa kadi ile ile aliyoingilia. Hilo alilifanya sawasawa: ukigusa kadi moja kuingia na nyingine kutoka, mfumo unahesabu safari mbili ambazo hazikukamilika na kukata bei ya juu kwa zote mbili.

"Nimetoka nje. Niko Liverpool Street."

"Na mimi niko Liverpool Street, chini ya ubao wa treni."

"Basi mmoja wetu anaota."

"Mjomba, nisomee mlango uliotokea."

Kimya. Basi likapita kwenye simu. "Moorgate."

"Usiondoke hapo. Nakuja."

Saa ilikuwa 5:22. Kutoka ukumbi wa treni za mikoani hadi mlango ule ni mwendo wa dakika 6 au 7 kwa mtu asiye na mzigo, kupitia barabara ya Eldon Street. Kwenda na kurudi na mzee na mkeka, treni ya 5:30 ilikuwa imeshatuaga. Nilikwenda hivyo hivyo, nikikimbia nusu na kutembea nusu.

Sikujua kwamba pale mlangoni Mjomba amepata mshauri. Kijana wa stesheni alimwona na mkeka, akamuuliza anakwenda wapi, akamweleza ukweli mtupu: hakuna haja ya kutembea barabarani. Kati ya majukwaa mawili kuna ukumbi mrefu, unakutoa kichwa cha magharibi hadi kichwa cha mashariki bila kupanda treni. Mwelekeze mtu gani kitu hicho? Siyo gadi mstaafu aliyeambiwa na mpwa wake asiondoke. Akagusa kadi, akarudi chini.

Hapa nawapa wabunifu haki yao. Kona za njia za chini pale hazina ncha, zimepinda. Vichuguu vya stesheni vilimiminiwa saruji ya kupulizwa kwa mashine, siyo pete za saruji zilizotengenezwa kiwandani kama vile vya treni zenyewe, kwa hiyo umbo linaweza kufuata mwendo wa watu. Juu yake vimevishwa paneli nyeupe za saruji yenye nyuzi za kioo. Kona iliyopinda inamwonyesha mtu nani anakuja kutoka upande wa pili kabla hawajagongana. Mjomba alipita kona zote zile na mkeka umelala begani, ncha moja mbele na nyingine nyuma, na hakuna Mwingereza aliyepigwa. Paneli zina matundu madogo yanayomeza sauti, ndiyo maana hata aliponipigia na kuongea kwa sauti yake ya kuita abiria Kigoma, watu hawakugeuka sana. Simu hiyo mimi sikuisikia. Nilikuwa nahema barabarani.

Mahali fulani karibu na bustani ya Finsbury Circus, ambapo wajenzi walichimba shimo la kushushia vifaa, tulipishana: mimi juu naelekea Moorgate, yeye zaidi ya mita 30 chini yangu anaelekea Broadgate. Nilifika mlangoni. Patupu. Nikapiga.

"Mjomba uko wapi?"

"Niko Liverpool Street, chini ya ubao wa treni. Wewe uko wapi?"

"Niko Moorgate."

"Umefuata nini Moorgate?"

Treni ya saa 6 tulipanda kwa tiketi mpya za bei kamili. Bei yake siitaji, mama mdogo anaweza kusoma hapa.

Kwa faida ya wenye wajomba wanaokuja: treni ikitoka Heathrow kuelekea mashariki, Bond Street ukitaka kuunganisha na njia za Underground za Jubilee au Central kaa nyuma, ukienda Hanover Square kaa mbele. Tottenham Court Road mbele ni kwa njia za Northern na Central, nyuma ni Dean Street, mitaa ya Soho. Farringdon nyuma ni kwa treni za Thameslink, mbele ni upande wa Barbican. Liverpool Street mbele ni kwa Central na treni za mikoani, nyuma ni Moorgate na Northern. Ukirudi, pindua yote. Na ukigundua umekosea, usitoke nje ya malango. Tafuta ukumbi wa katikati na utembee hadi kichwa cha pili. Ila msielekeze kwa mbele na nyuma. Mwambieni mgeni jina la mlango, Broadgate, na afuate jina hilo tu hadi alione juu ya kichwa chake, akiwa amekaa popote roho inapopenda.

Ndani ya treni ya Ipswich, ili kupoza mambo, nikamwambia kwamba ukumbi ule wa Broadgate uliposhushwa ardhini, mwaka 2015 wataalamu wa mambo ya kale walifukua mifupa ya watu zaidi ya 3,000 katika makaburi ya zamani ya Bedlam, jina la hospitali ya kale ya wagonjwa wa akili. Mjomba akafikiri kwa muda, mkeka umesimama katikati ya magoti.

"Sasa ndiyo naelewa," alisema.

"Unaelewa nini?"

"Kwa nini ulipotea. Mahali pa makaburi panampumbaza mtu asiyesoma dua."

Harusini alikaa meza ya wazee na kuwasimulia jinsi alivyomsubiri mpwa wake Liverpool Street mpaka treni ikawaacha, kijana mwenyewe amezunguka hadi stesheni ya pili. Kabla biriani halijapakuliwa nilikuwa nimeshapewa pole na watu nisiowajua, na mzee mmoja wa Mombasa akanivuta pembeni kunielekeza, kwa upole kabisa, namna ya kutumia treni za London.