Babu hakukubali, alishindwa kukataa

Juzi kwenye stetasi ya WhatsApp ya kijana mmoja anayesomea udaktari nilikuta mguu wa mzee wenye kidonda cha kisukari, na chini yake maneno: "Kazi iendelee." Uso haukuwepo. Ila vidole viwili vilishakatwa, na kanga ya anayemuuguza ilining'inia kitandani. Watoto wake wangemtambua mara moja. Nilipomuuliza kijana, akanijibu: "Nilimwomba, akakubali."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Alikubali vipi? Wewe ndiye utakayemsafisha kidonda kesho. Wewe ndiye unayejua kama dawa ipo dirishani au ndugu wakanunue nje. Anakuita "daktari" kwa heshima zote ilhali una umri wa mjukuu wake. Ukimwambia "Babu, naomba nikupige picha," ataitikia vilevile anavyoitikia ukimwambia ageuke achomwe sindano, kwa sababu anaamini picha nayo ni matibabu. Ulimweleza kwamba itaonwa na shangazi zako, na watu uliosoma nao sekondari? Kwamba mmoja akishaihifadhi, hata ukiifuta wewe, yeye bado anayo? Ulimwambia kwamba akikataa atahudumiwa kama kawaida? Kama hukumwambia, usiniambie habari za ridhaa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi. Na kwa wanaopiga picha maiti: Tamko la Geneva la madaktari, lililorekebishwa 2017, linataka siri ya mgonjwa itunzwe hata akishafariki.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba picha zinafundisha. Vitabu vingi vya magonjwa ya ngozi vimejaa ngozi nyeupe, na vijana wetu wanahitaji kuona upele kwenye ngozi kama zetu. Daktari wa wilayani akimtumia bingwa picha ya eksirei ili apate ushauri, simlaumu hata kidogo. Picha hiyo ina anayetumiwa na ina sababu. Ile ya babu ilitafuta sifa.

Ninyi mabingwa mnaopita raundi na vijana hawa, namba zao mnazo na stetasi zao mnaziona. Mkiikuta nyingine, mpigieni mhusika aifute papo hapo, kisha kesho mwende naye kitandani akamwombe mgonjwa radhi.