Kuhamisha faili au kuigiza mashine?

Chukua lahajedwali la Excel lililotengenezwa kwenye Macintosh miaka ya 1990. Ndani yake tarehe imehifadhiwa kama namba: idadi ya siku tangu mwanzo wa hesabu. Kwenye Macintosh hesabu hiyo ilianza tarehe 1 Januari 1904. Kwenye Windows ilianza mwaka 1900, tena ikiwa na tarehe 29 Februari 1900 ambayo haikuwahi kuwepo, kosa lililorithiwa kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali iliyoitangulia, ili hesabu za programu hizo mbili zilingane. Kuna alama moja ndogo ndani ya faili inayoeleza ni hesabu ipi inatumika. Ukizihamishia namba hizo kwenye hifadhidata bila kuiangalia alama hiyo, kila tarehe inarudi nyuma siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Hakuna onyo lolote linalotokea. Faili linafunguka, safu zimenyooka, na mtafiti wa kesho atasoma kwamba mvua ilinyesha miaka minne kabla ya kunyesha.

Makosa ya namna hii ndiyo yanayowagawa watunza kumbukumbu za kidijitali kwa miongo mitatu sasa. Kundi la kwanza linasema fomati huzeeka, kwa hiyo lihamishe faili kwenye fomati mpya kabla ya ile ya zamani kukosa wa kuisoma. Kundi la pili linasema usiliguse faili hata kidogo. Tengeneza kiigizaji, yaani programu inayojifanya kuwa kompyuta ya zamani, kisha liendeshe humo kama lilivyokuwa. Jeff Rothenberg, aliyeandika katika Scientific American mwaka 1995 kuhusu udhaifu wa nyaraka za kidijitali, alikuja kuwa mtetezi mashuhuri wa njia hiyo ya pili. Nyaraka nyingi duniani, hata hivyo, zimepitia njia ya kwanza.

Sababu inaeleweka. Anayetaka kusoma barua ya mwaka 1985 hana shida na vitufe vya WordStar, programu ya kuandikia ya enzi hizo, anataka barua. Mtunzaji akiigeuza kuwa PDF/A, kiwango cha ISO 19005 kilichotoka mwaka 2005, msomaji anaifungua kwa kifaa chochote. Kiwango hicho kinalazimisha fonti zote ziwemo ndani ya faili, kinakataza kulifunga kwa nywila, na hakiruhusu ukurasa kutegemea kitu kilicho nje yake ili uonekane sawasawa. Sauti huenda kwenye WAV au FLAC, picha mnato kwenye TIFF, video kwenye FFV1. Zote ni fomati ambazo maelezo yake yako wazi, hivyo mtaalamu anaweza kuandika upya programu ya kuzisoma hata kama watengenezaji wa kwanza wametoweka.

Ugumu uko kwenye kuhakiki, na hapa watetezi wa kuhamisha huwa hawapendi kupiga hesabu. Tuseme umehamisha mafaili milioni moja. Huwezi kuyatazama yote. Ukichukua sampuli ya nasibu ya mafaili 300 na usikute kosa hata moja, takwimu zinakuruhusu kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba mabovu hayazidi takriban asilimia 1. Lakini asilimia 1 ya milioni ni mafaili 10,000. Ukitaka kukishusha kikomo hicho hadi asilimia 0.1, inabidi ukague takriban mafaili 3,000 na yote yawe safi, na bado hujaondoa uwezekano wa mabovu 1,000 yaliyojificha. Kisha muongo unaofuata uhamishaji unarudiwa, na makosa ya awamu ya kwanza yanaingia ya pili yakiwa na sura ya ukweli.

Makosa yenyewe yana tabia zake. UTF-8 na Latin-1 ni kanuni mbili tofauti za kuhifadhi herufi kama namba; herufi é iliyoandikwa kwa UTF-8 ikisomwa kama Latin-1 hugeuka kuwa Ã©. Programu ikihifadhi tena kosa hilo kwa UTF-8, linakuwa sehemu ya maandishi. Picha ya JPEG ikifunguliwa na kubanwa upya hupoteza undani kila mara. Fonti isipokuwepo, kompyuta huweka nyingine, na jedwali lililopangwa kwa nafasi tupu linavurugika. Katika baiolojia, jeni iliyoitwa SEPT2 iligeuka kuwa tarehe 2 Septemba kila orodha ilipofunguliwa kwa Excel, hata mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani wanasayansi waliona ni rahisi kuibadilisha lugha ya fani yao kuliko kuibadilisha programu. Na hapo hakuna aliyekusudia kuhamisha chochote. Watu walifungua faili na kulihifadhi tu.

Watetezi wa kuigiza hupenda mfano wa BBC Domesday, mradi wa mwaka 1986 uliowekwa kwenye diski za leza kuadhimisha miaka 900 ya daftari la sensa la Uingereza la mwaka 1086. Mfano huo umetumika mpaka umechakaa, lakini mara nyingi husimuliwa nusu. Diski zilihitaji kompyuta ya BBC Master na kisomeo maalumu cha Philips. Mwaka 2002 mradi wa CAMiLEON wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan ulionyesha kwamba mfumo mzima unaweza kuendeshwa ndani ya kiigizaji. Nusu isiyosimuliwa ni kwamba kwanza ilibidi kisomeo kinachofanya kazi kipatikane ili data itoke kwenye diski; kuigiza hakuokoi kilichokwama kwenye chombo kisichosomeka. Tena mwaka 2011 BBC iliweka sehemu ya mkusanyo huo mtandaoni kwa njia ya kuhamisha, na watu wengi walioona maandishi na picha zile waliziona huko. Kiigizaji kilihifadhi kitu tofauti: namna mtumiaji wa 1986 alivyosafiri kwenye ramani, akishuka kutoka nchi nzima hadi kijiji.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Emory kiliwafungulia watafiti kompyuta ya mwandishi wa riwaya Salman Rushdie, Macintosh Performa 5400, kupitia kiigizaji. Mpangilio wa mafolda, programu alizochagua, rasimu zilivyokaa karibu na karibu: vyote hivyo hupotea ukitoa faili moja moja na kuligeuza PDF. Kwa michezo ya kompyuta na kazi za sanaa ya kidijitali hakuna hata mjadala, kwa kuwa mchezo uliohamishwa bila kuendeshwa ni rundo la picha na sauti.

Ila kuigiza nako kuna gharama ambazo hutajwa kwa sauti ya chini. Kiigizaji ni programu, nayo huzeeka. Mtu anapaswa kukihamisha kila mifumo endeshi inapobadilika, hivyo uhamishaji uliokimbiwa unarudi kwa mlango wa nyuma. Maktaba ya Taifa ya Uholanzi na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko zililiona hilo, na kiigizaji chao Dioscuri kikaandikwa kwa Java, kwa vipande vinavyobadilishika, ili kisifungwe kwenye mashine moja. Kuna pia leseni: mfumo endeshi wa zamani na msimbo wa ROM (programu iliyojengwa ndani ya mashine yenyewe) bado vina wenyewe kisheria, na programu nyingine zilidai kifaa cha ufunguo kilichochomekwa nyuma ya kompyuta. Kuna skrini. Picha ya pikseli 320 kwa 200 ilikusudiwa kujaza skrini ya uwiano wa 4:3, kila pikseli ikiwa ndefu kuliko upana wake. Ikionyeshwa leo bila kusahihishwa, duara linakuwa yai lililolala. Na kuna mtumiaji mwenyewe, ambaye akifunguliwa skrini nyeusi yenye mshale hajui aandike nini.

Data za kisayansi ndizo zinazoonyesha vizuri kwamba kila kundi lina kipande tu cha jibu. Jaribio la JADE, kwenye mtambo wa kugonganisha chembe wa PETRA huko Hamburg, lilikusanya data za migongano ya elektroni na positroni kati ya 1979 na 1986. Miaka ya 1990, nadharia ya nguvu kali ya nyuklia ilipokuwa imeimarika, kundi lililoongozwa na Siegfried Bethke lilizifufua ili kupima jinsi nguvu hiyo inavyobadilika kadiri nishati inavyoongezeka. Vipimo vya JADE, vikiwekwa kando ya vile vya nishati kubwa zaidi kutoka LEP, mtambo mwingine wa aina hiyo, vilionyesha mkondo wote wa mabadiliko hayo. Data zilikuwepo. Msimbo wa kuzichambua, ulioandikwa kwa lugha ya programu ya FORTRAN, ulikuwa na vipande vya lugha ya mashine za IBM, ikabidi uandikwe upya. Takwimu za wingi wa migongano zilikuwa zimepotea kwenye kompyuta, zikapatikana kwenye karatasi zilizochapwa, zikaingizwa tena kwa mkono. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la JADE lilinusurika kwa bahati.

Hapo kuigiza kungesaidia kuthibitisha kwamba msimbo mpya unatoa majibu yaleyale. Vichakato vya hesabu vya x87 vya kompyuta za zamani, kwa mfano, vilihesabu ndani kwa biti 80. Programu ileile ikitengenezwa leo kwa kawaida huhesabu kwa biti 64, na tarakimu za mwisho hutofautiana. Bila mashine ya zamani, au mfano wake, huwezi kujua tofauti hiyo imetoka kwenye hesabu au kwenye kosa lako.

Wanaastronomia walikwepa sehemu kubwa ya ugomvi huu. Fomati yao ya FITS, iliyochapishwa mwaka 1981, ina kanuni kwamba faili lililokuwa halali litaendelea kuwa halali daima. Kichwa chake ni mistari ya herufi 80 inayosomeka kwa macho, ndani ya vipande vya baiti 2,880. Mwaka wa tarakimu mbili ulipokaribia kuleta utata, tarehe mpya zikaanza kuandikwa kwa tarakimu nne, na mafaili ya zamani hayakuguswa. Maktaba ya Vatikano imeichagua FITS kwa picha za miswada yake. Bei ya uthabiti huo ni ukale: majina ya vipengele hayazidi herufi nane.

Penye hiari, kigezo kinachofaa zaidi ni swali moja: kitu hiki kikichapishwa kwenye karatasi au kurekodiwa kama sauti, kinapoteza nini? Kama hakipotezi kitu cha maana, kihamishe. Kama kinapoteza mwenendo wake, kiigize. Kwa vyovyote vile, faili la asili libaki. Siku linapopokelewa, tengeneza nakala kamili ya diski kabla ya kufungua chochote, ukizuia kompyuta isiandike juu yake. Kokotoa SHA-256 ya kila faili, yaani namba ya uhakiki inayobadilika faili likibadilika hata kidogo. Tambua fomati kwa daftari la PRONOM la hifadhi ya taifa ya Uingereza badala ya kuamini herufi tatu za mwisho wa jina. Andika programu, toleo lake na fonti. Kisha piga picha za skrini za kurasa chache zikiwa sahihi. Hatua hii ya mwisho hurukwa mno, na ndiyo itakayomwezesha mtu wa baadaye kujua kama uhamishaji umefaulu.

Wapo wanaosema kutunza asili na nakala ni kulipa mara mbili. Kwa maandishi hoja hiyo haina uzito. Kwa video isiyobanwa, inayokula takriban gigabaiti 100 kwa saa hata kwa ubora wa televisheni ya zamani, wana haki. Lakini FFV1 inabana bila kupoteza kitu, na kila fremu inaweza kulinganishwa na ya asili kwa namba zake za uhakiki. Zikilingana zote, asili inaweza kufutwa bila majuto. JPEG haikupi ruhusa hiyo.

Linabaki kundi lisilotibiwa na njia yoyote kati ya hizi mbili: mchezo wa mtandaoni, ramani inayovuta data kutoka kwingine, hifadhidata ya utafiti inayohudumiwa na seva ya mbali. Faili lililo mkononi mwako ni nusu ya kitu, na nusu ya pili iko kwenye mashine ya mwenzako. Kwa hayo, omba nakala ya upande wa seva mapema, na ukinyimwa, rekodi video ya mtu anayejua mfumo akiutumia huku akieleza anachofanya. Rekodi hiyo haiendeshi chochote, lakini seva ikishazimwa ndiyo itakayosema kitu kile kilifanya nini.